Pemba Haikuletewa Mchezo

Historia ya michezo ya Pemba imezoeleka kusimuliwa kwa sentensi mbili. Ya kwanza yasema mchezo wa ng'ombe, wa mtu kumkabili kwa miguu dume lililofungwa kamba, ni masalia ya Wareno. Ya pili yasema michezo yenye mpangilio ilianza Waingereza walipokuja na mpira, filimbi na kikombe. Sentensi hizo zimo katika vitabu vya maofisa wa enzi ya himaya, zikanakiliwa na vipeperushi vya watalii, na siku hizi hata Mpemba akiulizwa na mgeni hujibu hivyo hivyo, tena kwa fahari kidogo, kana kwamba mchezo hauna heshima mpaka uwe na baba wa ng'ambo. Makala haya yanazipinga zote mbili. Wageni walifika Pemba, wakakaa, wakaacha alama. Hilo halina ubishi. Ubishi ni kwamba swali la nani aliyeleta limelifunika swali lenye uzito zaidi: nani aliyekuwa na ng'ombe, nani aliyekuwa na wakati, nani aliyesokota kamba, nani aliyehukumu, na nani aliyefungiwa nje. Tukiyajibu hayo tutaona kuwa mchezo wenye mpangilio ulijengwa na tabaka, jinsia na ufundi wa kisiwa chenyewe, na kwamba hata mpira wa Mwingereza ulipofika ulilazimika kupita katika milango hiyo hiyo mitatu.

Tuanze na Wareno. Waliisumbua pwani hii tangu mwanzoni mwa karne ya 16, na nguvu yao ilivunjika Ngome ya Yesu ya Mombasa ilipotekwa na Waomani mwezi Disemba 1698. Katika muda huo walikuwapo walowezi wachache Pemba, na mwishoni mwa karne ya 16 wenyeji waliwainukia kwa silaha. Sasa tuulize: Mreno huyo kwao alimcheza ng'ombe vipi? Tamasha kubwa la Ureno na Hispania ya wakati ule lilikuwa la bwana aliyepanda farasi, mkuki mkononi. Waliokuwa chini kwa miguu walikuwa watumishi wake. Mtu wa kawaida kumkabili ng'ombe kwa miguu, kitambaa mkononi, yeye akiwa ndiye shujaa wa siku, ni jambo lililopata hadhi Hispania katika karne ya 18, na jina la Francisco Romero wa Ronda hutajwa kuanzia miaka ya 1720. Wakati huo Mreno alikwisha kung'oka Pemba. Watetezi wa asili ya Kireno huongeza kwamba Pemba ng'ombe hauawi, kama ilivyo Ureno. Lakini katazo la kumwua ng'ombe uwanjani Ureno lilikazwa kwa sheria mwaka 1928. Mtu harithi kwa babu desturi ambayo imeanzishwa na wajukuu wa babu huyo.

Mtetezi hodari hatakomea hapo. Atatukumbusha kisiwa cha Terceira, katika visiwa vya Azores, ambako ng'ombe huchezwa akiwa amefungwa kamba ndefu, na ambako mchezo huo umeandikwa tangu 1622. Hoja hiyo ina nguvu, na haifai kuikwepa. Ila itazameni vizuri. Kisiwa chochote ambacho ng'ombe ni mali ya kuhesabika, na ambacho watu wake wanataka kumcheza kisha warudi naye zizini mzima, kitafikia kamba hata kama hakuna wa kukifundisha. Na dunia imejaa michezo ya ng'ombe isiyomhitaji Mreno. Vijana wa Kibetsileo, kwenye nyanda za juu za Madagaska ambako Mreno hakuwahi kutawala, hushindana kung'ang'ania nundu ya dume mkali. Magharibi mwa Kenya, upande wa Kakamega, madume hupiganishwa wao kwa wao mbele ya umati. Barka nchini Oman, na Fujairah katika Falme za Kiarabu, madume nayo husukumana pembe kwa pembe, na huko pia utaambiwa ni Wareno walioleta. Yaani Mreno yule yule anatajwa kuwa asili ya mchezo wa mtu na ng'ombe Pemba, na asili ya mchezo wa ng'ombe na ng'ombe Uarabuni. Maelezo yanayokubali kila kitu hayaelezi chochote. Na hata tukimpa mlowezi mmoja wa Kireno sifa ya kuonyesha jambo fulani siku fulani, bado atakuwa hajatueleza kwa nini Wapemba waliendelea kulitenda kwa karne tatu baada ya yeye kuondoka.

Jibu la swali hilo limo katika uchumi wa kisiwa. Pemba ilikuwa ghala la chakula la Mombasa tangu zama za Wareno, na mpunga na ng'ombe wake vilivushwa kwenda bara kwa vyombo. Halafu ikaja karafuu. Kimbunga cha Aprili 1872 kiliyang'oa mashamba ya Unguja na kuyaacha mengi ya Pemba, na tangu hapo sehemu kubwa ya karafuu ya Zanzibar imetoka Pemba. Mali ya aina hiyo huja kwa msimu. Mikarafuu ikiiva, mchana kutwa watu wako juu ya miti na jioni wako barazani wanachambua vikonyo, wanawake na watoto wakiwa wengi zaidi katika kazi hiyo. Mavuno yakiisha, fedha ipo na mikono ni mitupu. Mchezo wa ng'ombe hukaa papo hapo, katika kaskazi, kati ya Disemba na Februari, kabla ya masika. Huko Uingereza soka ya wafanyakazi ilisubiri sheria ya viwanda ya 1850 iliyofunga viwanda vya nguo saa nane mchana siku ya Jumamosi. Pemba haikuwa na kiwanda wala king'ora. Ratiba yake iliandikwa na mikarafuu na mvua. Kalenda hizo ni mbili tofauti, lakini zote zinathibitisha kanuni moja: mchezo wenye mpangilio huzaliwa pale watu wanapopata wakati wa pamoja, na wakati huo hugawiwa na wenye mali.

Ndiyo maana habari ya tabaka haiwezi kuachwa. Kabla ya dikrii ya Aprili 1897 iliyofuta hadhi ya utumwa Unguja na Pemba, mtumwa wa shamba kwa desturi alikuwa na Alhamisi na Ijumaa kuwa siku zake. Siku nyingine zilikuwa za bwana. Baada ya 1897 wakati huo ukawa jambo la mapatano kati ya mwenye shamba na mtu aliyekaa juu ya ardhi yake, na hakuna aliyepatana akiwa na nguvu sawa na mwenzake. Katika mchezo wa ng'ombe mgawanyo huo unaonekana kwa macho. Dume la kuchezwa ni mnyama aliyeachwa anone asichinjwe wala kuuzwa, na asiye na mali hawezi kuacha mtaji wa namna hiyo umesimama zizini. Mwenye ng'ombe analeta mali, kijana analeta mwili wake. Mwenye ng'ombe harudi bila sifa hata siku mbaya, kwa kuwa dume likiwatawanya watu ndivyo jina lake linavyokua. Kijana akishikwa na pembe anarudi na jeraha. Asemaye kuwa mchezo huu ni furaha ya kijiji kizima anasema kweli, lakini furaha hiyo ilikuwa na mwenye kuilipia na mwenye kuhatarisha mbavu zake, na si nadra wawili hao kuwa watu wa hali mbili.

Sasa tusogee karibu na uwanja. Dume limefungwa kamba ndefu. Zumari inalia juu ya ngoma, vijana wengine wamekwea miti, na mchezaji anaingia na kitambaa cheupe akilichokoza, akiruka kando linapomjia. Mwandishi wa zamani hukomea hapo, kwa kijana na pembe. Lakini pembeni wamesimama wanawake, doti za kanga mpya mwilini, na wao ndio waimbaji. Wimbo wao humpandisha aliyesimama imara na humwaibisha aliyekimbia mapema, na jina linalotiwa wimboni haliishii uwanjani. Hufuata mtu kisimani, dukani na siku ya posa. Kuwaita watazamaji ni kutojua mwamuzi ni nani. Katika mchezo usio na magoli wala saa, uamuzi wa nani ameshinda unatoka midomoni mwa watu, na midomo hiyo ilikuwa ya wanawake. Tena tutazame ile kamba. Kabla ya manila na nailoni, kamba ya kisiwa ilikuwa ya makumbi ya nazi: makumbi hufukiwa ufukweni kwa miezi, hufukuliwa, hupondwa, nyuzi zake zikasokotwa, na kazi hiyo Unguja na Pemba kwa sehemu kubwa ni ya wanawake. Kifaa ambacho bila yake mchezo usingewezekana, kifaa kilichomtenga mchezaji na mauti, kimetoka katika mikono ya watu ambao historia ya michezo haikuwataja. Teknolojia si lazima iwe na moshi na chuma.

Hapa huja pingamizi ya wasomi: huo ni utamaduni, si michezo iliyopangwa, kwa sababu hauna kanuni zilizoandikwa, chama wala ligi. Pingamizi hii inachanganya mpangilio na makaratasi. Mchezo wa ng'ombe una msimu, una uwanja unaojulikana, una majukumu yaliyogawiwa, una vijiji vinavyoalikana na kupimana, na una hukumu ya hadhara. Mbona basi Uingereza iliandika kanuni? Kwa sababu kila shule ilikuwa na kanuni zake, na reli ilipoanza kuwakutanisha vijana wa shule na miji mbalimbali, hawakuweza kucheza bila kuafikiana kwanza. Chama cha soka cha mwaka 1863 ni matokeo ya wageni kukutana. Vijiji vya Pemba havikuwa wageni kwa wageni. Watu walioana, walizikana, walichuma karafuu pamoja. Kanuni inayojulikana na kila mtu haihitaji kupigwa chapa. Na kama chama na vyeo ndivyo kipimo, basi tuwatazame wanawake wa pwani katika lelemama, ngoma ya wanawake ambayo Mombasa na Zanzibar ilikuwa na vikundi vyenye vyeo, sare, michango na uhasama wa kushindana kwa miaka. Wanaosema mwanamke wa pwani aliingia katika ushindani uliopangwa juzi tu wanadai hivyo kwa kuwa wameamua mapema kwamba ushindani wake hauhesabiwi.

Tuje kwenye mpira. Soka ilifika Unguja mwishoni mwa karne ya 19, na wanaotajwa kuwa wa mwanzo kuicheza ni wafanyakazi wa Kiingereza wa Eastern Telegraph Company, kampuni ambayo waya wake wa chini ya bahari ulifika Zanzibar mwaka 1879. Kisha ikaingia shuleni Kiungani, kwa wamisionari. Kwa hiyo mpira ulikuja nyuma ya mashine. Na wenyewe ulikuwa mashine mpya. Mpira wa zamani wa Uingereza ulijazwa kibofu cha nguruwe. Ni mwaka 1862 hivi ambapo Richard Lindon, fundi wa mji wa Rugby, alianza kutia kibofu cha raba, na husimuliwa kwamba mkewe, aliyekuwa akivipuliza vibofu vya nguruwe kwa mdomo, alikufa kwa maradhi ya mapafu aliyoyapata humo. Fikirini mchezo huu ungepokewaje katika visiwa vya Waislamu kama kiini chake kingebaki kuwa nguruwe. Ufundi wa raba ndio uliofungua mlango, na nyuma ya ufundi huo yupo mwanamke mwingine asiyetajwa. Baada ya hapo vijana wa Zanzibar wakauvunja mlango wenyewe, kwani mpira wa matambara na kamba hauhitaji kampuni, na mguu mtupu hauhitaji duka la viatu.

Lakini mpira wa ligi ulikuwa habari nyingine. Pemba iko karibu nyuzi tano kusini mwa ikweta. Jua huzama karibu saa ile ile mwaka mzima, na bila taa za uwanjani nafasi ya kucheza ni kati ya sala ya alasiri na magharibi. Nani alikuwa huru saa hizo, siku baada ya siku, mwaka mzima? Karani wa ofisi ya Chake Chake au Wete, askari polisi, mwanafunzi, mwalimu. Mchumaji wa karafuu hakuwa huru. Msimu ukiwa umepamba, saa kumi na nusu bado alikuwa mtini. Kwa hiyo mchezo unaosifiwa kuwa wa watu wote ulikuja na kalenda ya mtu wa mshahara, na kalenda ile iliwachagua wachezaji kabla kocha hajawaona. Wakoloni nao hawakuficha kwamba waliutaka mpira kama chombo cha nidhamu. Chama cha soka cha Zanzibar huhesabiwa kuanzia 1926, mwaka ule ule ambao Kenya na Uganda zilianza kushindania kombe la Gossage, lililopewa jina la kampuni ya sabuni. Zanzibar iliingia katika kombe hilo 1949. Vilabu vingi vya mjini Unguja viligawanyika kwa kabila na asili, na kiongozi wa baadaye Abeid Amani Karume alitokea katika duru za vilabu vya Waafrika ambavyo vilikuwa pia shule ya siasa. Pale watawala walipotaka utulivu, vijana walijifunza kuchagua viongozi, kukusanya ada na kupinga maamuzi. Huwezi kuuita mchezo huo zawadi ya Mwingereza wakati matumizi yake yaliyodumu ni yale ambayo hakuyakusudia.

Kuhusu wanawake, pingamizi inayorudiwa kila mahali ni kwamba dini na mila za visiwani ndizo zilizowazuia, na Magharibi ndiyo iliyowafungulia. Tarehe hazikubali. Siku moja baada ya Krismasi ya 1920, timu ya wanawake ya Dick, Kerr Ladies ilicheza Goodison Park, Liverpool, mbele ya watu wapatao 53,000. Tarehe 5 Disemba 1921 chama cha soka cha Uingereza kikavizuia vilabu vyake kuwapa wanawake viwanja, kikidai mchezo huo hauwafai, na katazo likadumu mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1970. Maana yake ni kwamba katika miaka ile ile ambayo soka ya Zanzibar ilikuwa ikipangwa chini ya himaya, soka ya wanawake ilikuwa imefungiwa viwanja huko huko makao makuu. Mchezo ulioletwa ulikuja na kufuli lake. Shule ya kwanza ya serikali ya wasichana Zanzibar ilifunguliwa 1927, na huko mchezo uliokubalika kwao ulikuwa netiboli. Mila za nyumbani zilikuwa na vikwazo vyake, hakuna anayekana. Lakini zilimpa mwanamke sauti ya hukumu katika mchezo wa ng'ombe, na zilimwachia msichana michezo yake ya rede na nage. Mpira wa kikoloni ulimtoa kwenye hukumu na haukumpa kiatu. Filamu ya Zanzibar Soccer Queens ya 2007, iliyotengenezwa na Florence Ayisi, inawaonyesha wachezaji wa timu ya Women Fighters wakibishana na jamii yao, na watu wengi waliitazama kama habari ya Uislamu. Ingetazamwa pia kama habari ya taasisi ya soka yenyewe, iliyochelewa nusu karne kila ilikokwenda.

Teknolojia iliyofuata ikaweka mpaka mpya, safari hii kati ya Pemba na Unguja. Ligi inahitaji usafiri, na usafiri ulikuwa wa meli: Al Said na Al Hathera za serikali zilipovuka mkondo, zilivusha karafuu, barua na maofisa kwa ratiba ya serikali. Timu ya Pemba ilipolazimika kwenda Unguja ilikwenda kwa nauli na kwa kichefuchefu, na gharama ya bahari haijawahi kugawanywa sawa. Kisha ikaja Sauti ya Unguja mwaka 1951, zikafuata redio za transista, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 runinga ya rangi, mapema kuliko karibu kote Afrika kusini ya Sahara. Vifaa hivyo vilimpa mtu wa Micheweni au Kengeja habari za mchezo. Papo hapo vilimzoesha kuwa msikilizaji wa mechi inayochezwa kwingine. Leo mabanda ya kuonyeshea mpira yanamalizia kazi hiyo, yakijaa wanaume wanaoijua Liverpool kuliko timu ya kijiji jirani. Januari 2025 Kombe la Mapinduzi lilipochezwa Gombani, Chake Chake, ikawa habari kubwa. Ukubwa wa habari hiyo ndio ushahidi wa jinsi ilivyozoeleka Pemba kuwa mtazamaji wa mambo yake.

Litabaki swali la mwisho: je, haya si kuipamba mila tu, kumtoa Mreno na Mwingereza ili kumweka Mpemba asiye na doa? Hapana. Hoja niliyoijenga inamgusa Mpemba vile vile. Kama mchezo wa ng'ombe ulijengwa hapa, basi na ukosefu wa usawa uliokuwamo umejengwa hapa: bwana na mtumwa, mwenye dume na asiye nalo, mwanamke mwenye sauti lakini asiyeingia uwanjani. Simulizi ya Wareno ni ya starehe kwa sababu inatuondolea hesabu hiyo. Asili ikiwa ng'ambo, hakuna wa kuulizwa nyumbani. Vivyo hivyo simulizi ya Mwingereza mleta mpira inatuwezesha kulaumu mila kwa uhaba wa timu za wasichana, badala ya kuuliza bajeti ya chama, saa za uwanja na nauli ya meli zinagawiwa kwa nani.

Kwa hiyo anayetaka kuiandika historia ya michezo ya Pemba aanze na daftari la karafuu, aende kwa wasokota kamba, awasikilize bibi wanaozikumbuka nyimbo za ng'ombe na majina yaliyotiwa humo, kisha ndipo afungue vitabu vya maofisa. Na anayepanga michezo ya leo ana kazi ile ile. Tabaka, jinsia na ufundi ndivyo vilivyoamua jana nani acheze, na ndivyo vinavyoamua leo, kila ratiba inapopangwa saa ambayo mchumaji yuko mtini na kila kikao kinapogawa uwanja bila mwanamke mezani. Wareno hawamo katika kikao hicho. Tumo sisi.